Tathmini ya bima ya afya ya wazee: kope za mama, meno ya mama na kifungu cha urembo

Tathmini hii inahusu bima binafsi ya afya ya daraja la kati, inayouzwa hapa Mwanza kwa watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ambayo mimi na ndugu zangu tulimkatia mama yetu mwaka juzi. Nimeamua kutolitaja jina la kampuni, kwa kuwa ninachotaka msomaji akitazame ni mkataba wenyewe, na hasa kile kifungu kinachosema kwamba huduma za urembo hazitagharamiwa. Kifungu cha namna hiyo kimo katika mikataba mingi, na anayemtafutia mzazi bima hana budi kukisoma kabla ya kulipa. Maoni yangu kwa ufupi ni kwamba bima hii hulipa vizuri ugonjwa unaofahamika kwa jina, lakini husumbua sana pale uzee unapoharibu kitu kinachoonekana usoni.

Tulifika kwenye bima binafsi kwa sababu hakuna mtoto wa mama aliyeko katika ajira rasmi. Mtumishi anayechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara ambao yeye na mwajiri wake hugawana, anaweza kuandikisha mwenza na wategemezi wanne, wakiwamo wazazi au wakwe. Sisi tunauza vitenge Makoroboi na hatuna mwajiri wa kuchangia naye. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wasio na uwezo, lakini mama ana vyumba vya kupangisha Nyakato, na kwa haki hakustahili kuchukua nafasi ya mzee asiye na kitu.

Nianze na yale yanayostahili sifa. Mama alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na kipindi cha kusubiri kilipokwisha tulimpeleka Bugando, hospitali ya rufaa inayohudumia Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1971. Kibali cha upasuaji kilitoka siku ileile kilipoombwa. Lenzi zilizokuwa zimeingia ukungu ziliondolewa na kuwekwa za bandia, jicho moja kwanza na la pili baadaye, na familia haikutoa shilingi hata moja zaidi ya nauli. Dawa zake za kisukari na za shinikizo la damu hutolewa kila mwezi bila mabishano, na vipimo vya damu hali kadhalika. Kwa mzee ambaye mahitaji yake yanaishia hapo, sina neno baya la kuandika.

Shida ilianza baada ya macho kusafishwa. Mama aliweza sasa kusoma maandishi madogo ya Biblia yake, lakini bado alimwitikia mtu aliyesimama mlangoni kwa kuinua kidevu kwanza, na mikunjo ya paji la uso wake haikulegea mchana kutwa, kwa kuwa misuli ya paji ndiyo iliyokuwa ikizibeba kope. Ilipofika jioni aliumwa kichwa juu ya nyusi. Anakaa Bugarika, upande wa mlimani, ambako njia ya kufika nyumbani ni ngazi za mawe zisizolingana, na alianza kuzipanda akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Mara mbili alijigonga kwenye kizingiti cha juu cha mlango wa jikoni, mlango ambao amepita humo miaka yote.

Daktari wa macho alieleza kwamba kulikuwa na mambo mawili kwa pamoja. Ngozi ya kope za juu ilikuwa imelegea kwa umri na kuning'inia juu ya nywele za kope, na msuli unaoinua kope ulikuwa umepoteza nguvu yake. Alipima kwa rula ndogo umbali kutoka katikati ya mboni hadi ukingo wa kope ya juu. Kwa mtu mwenye macho yasiyo na tatizo umbali huo huwa milimita 4 hadi 5. Kwa mama ulikuwa chini ya 2 katika jicho la kulia. Alipendekeza upasuaji wa kupunguza ngozi na kukaza msuli, akajaza fomu, na jibu la kampuni lilikuja kwa ujumbe wa simu wenye sentensi moja, kwamba huduma iliyoombwa ni ya urembo na kwa hiyo haimo katika mafao.

Tulikwenda ofisini kwao. Kijana wa dirishani alimwamkia mama kwa heshima, akasoma kwenye kompyuta, akasema, "Mama, upasuaji huu kampuni inauhesabu kuwa ni wa kurekebisha sura." Mama akamjibu, "Mwanangu, sura yangu sina ugomvi nayo. Mimi nataka kuziona ngazi." Kijana alionekana kumwelewa kabisa, lakini hakuwa na mamlaka ya kubadili chochote, kwa sababu uamuzi ulikuwa umetolewa Dar es Salaam na mtu aliyekuwa na namba ya huduma mbele yake, yaani namba inayotambulisha aina ya matibabu yaliyoombwa, bila kumwona mgonjwa.

Kilichogeuza mambo ni kipimo cha upana wa kuona, ambacho tulikilipia wenyewe. Mgonjwa huweka kidevu kwenye kishikio cha mashine yenye umbo la bakuli kubwa jeupe, hukaza macho kwenye nukta ya katikati, na kila anapoona taa ndogo ikiwaka pembeni, juu au chini hubonyeza kitufe. Mama alifanya kipimo hicho kope zikiwa zimeachwa kama zilivyo. Kisha muuguzi akachukua plasta, akazivuta kope juu na kuzibandika kwenye paji la uso, akamwambia, "Bibi, tazama tena hapo katikati, usihamishe macho," na kipimo kikarudiwa. Karatasi mbili zilizotoka zilieleza kila kitu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi sehemu yote ya juu, weusi ukishuka hadi karibu na katikati. Ya pili weusi ulikuwa umerudi nyuma na kubaki ukingoni tu. Maana yake ni kwamba jicho na mshipa wake wa fahamu vilikuwa vizima, na kilichomnyima mama sehemu ya juu ya dunia yake ni pazia la ngozi ambalo plasta ya shilingi chache iliweza kuliondoa kwa muda.

Tulizipeleka karatasi hizo pamoja na picha za uso wake na barua mpya ya daktari. Mvua za masika zilianza na kumalizika tukiwa bado tunasubiri, na hatimaye kibali kilitoka. Upasuaji ulilipiwa, kipimo hakikurudishiwa fedha yake, na hakuna aliyetueleza kwa nini jambo lililokuwa urembo mwezi wa tatu lilikuwa matibabu mwezi wa sita. Mama sasa anapanda ngazi zake akitazama mbele.

Hapa ndipo ninapoilaumu bima hii kwa dhati. Upasuaji wa kope ni uleule kwa mwanamke wa miaka 40 anayetaka kuonekana kijana na kwa mzee wa miaka 70 asiyeona kizingiti. Kisu ni kilekile, nyuzi ni zilezile, na pengine hata namba ya huduma ni ileile. Kinachowatofautisha ni kazi ambayo jicho limeshindwa kuifanya, na kazi hiyo inapimika kwa milimita na kwa karatasi ya mashine. Kampuni inayotaka kulinda fedha za wanachama wake ina haki kamili ya kudai ushahidi. Isichokuwa na haki nacho ni kukataa kwanza kwa kuangalia jina la huduma, halafu kumwachia mzee agundue mwenyewe ushahidi gani ungewaridhisha. Kama kijitabu chao kingeandika kwamba upasuaji wa kope utalipiwa endapo kope imeshuka kufikia kiwango fulani na kipimo kimeonyesha sehemu ya juu imefunikwa, tungekwenda na karatasi hizo tangu siku ya kwanza.

Haya si mambo yasiyowezekana kuandikwa. Nchini Marekani, sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya umma ya wazee wa miaka 65 na kuendelea, mwaka 1965, inakataza kulipia upasuaji wa urembo, lakini papo hapo inaruhusu upasuaji wa kurekebisha haraka jeraha la ajali au wa kuboresha utendaji wa kiungo chenye kasoro ya umbo. Kuanzia tarehe 1 Julai 2020 mpango huo ulianza kudai kibali cha awali kwa huduma tano zinazofanywa hospitalini kwa wagonjwa wa nje, ambazo ndizo zinazochanganya zaidi urembo na tiba: upasuaji wa kope, sindano za sumu ya botulinamu (Botox), kuondoa ngozi ya tumbo inayoning'inia, kurekebisha pua, na kuziba veni za miguu zilizovimba. Hata kabla ya kukubaliana au kutokubaliana na orodha hiyo, mzee na daktari wake wanajua mapema kwamba wataulizwa. Sisemi kwamba mpango huo ni wa kuigwa kwa kila kitu, maana kwa kawaida haulipii meno ya bandia wala vifaa vya kusaidia kusikia, na hapo unafanana mno na bima ninayoitathmini.

Meno ndiyo yanayoniuma kuliko kope. Mama alipoteza magego ya chini, mengi yakiwa yameng'olewa katika miaka hii ya kisukari. Ugonjwa huo na ugonjwa wa fizi huchocheana, na mwenye sukari isiyotulia huwa katika hatari kubwa zaidi ya kubaki na mapengo. Bima hulipia kung'oa, na hulipia kuziba. Meno ya bandia, hata yale ya plastiki ya kuvaa na kuvua ambayo ndiyo ya bei ya chini, yameorodheshwa chini ya urembo, katika mstari mmoja na kung'arisha meno. Aliyeandika mstari huo alifikiria tabasamu, akasahau kwamba kazi ya kwanza ya jino ni kutafuna.

Nieleze kinachotokea mezani. Mama ni Msukuma aliyekulia kwenye matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga na mahindi ya kuchoma, na vyote hivyo ameviacha. Nyama huimumunya na kuitoa. Makande huyaponda kwa mwiko hadi yawe rojo, na mboga za majani ngumu huziacha pembeni ya sahani. Kilichobaki ni uji, ugali wenye mchuzi wa dagaa na wali uliopikwa ukalainika, yaani vyakula vya wanga vinavyoshuka bila kutafunwa, na ndivyo ambavyo kliniki ya kisukari inamwambia kila anapokwenda avipunguze, ale zaidi maharage, mboga na matunda. Kampuni inalipia dawa za kushusha sukari kila mwezi, na inakataa kulipia kifaa ambacho kingemwezesha kula chakula kisichoipandisha. Nimeliandika jambo hili kwao kwa maneno hayohayo na sikujibiwa hoja, nilinakiliwa kifungu. Hatimaye ndugu zangu tulichanga, na fundi wa meno aliyeko mjini akamtengenezea seti ya chini. Wiki za kwanza zilimchubua fizi ikabidi irekebishwe, na sasa anakula maharage yake yakiwa mazima.

Katika suala la ngozi, kwa upande wangu, kampuni ina haki, na ni sawa nilieleze bila kupepesa. Mama ana vidutu vyeusi vilivyoinuka kwenye mashavu na shingoni, vile vinavyowatokea watu wengi kadiri umri unavyosogea. Dada yangu alitaka viondolewe kabla ya harusi ya mwanawe, akaomba bima ilipe, na wakakataa. Daktari wa ngozi alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba havina madhara, haviumi, wala havizibi chochote. Fedha za bima ni mfuko wa watu wengi, na shilingi inayotumika kuondoa kidutu kisicho na madhara ni shilingi inayokosekana kwa mwenye figo zilizoshindwa. Lakini kidutu kimoja cha mgongoni kilipoanza kukua na kutoa damu kikisuguliwa na nguo, kampuni ililipia kukikata na kupeleka kipande maabara bila swali lolote, na majibu yakaja salama. Huo ndio mpaka unaostahili, na kwenye ngozi waliuchora vizuri.

Mpaka huo una uzito wa pekee hapa ziwani, ambako jua ni kali na ambako wapo wazee wenye ualbino, Ukerewe na kwingineko, ambao ngozi zao zimechomwa na jua hilo maisha yote. Kwa mzee kama huyo, kukata saratani ya shavu na kisha kupandikiza ngozi mahali palipobaki wazi ni tiba moja yenye hatua mbili. Niliuliza dirishani kama hatua ya pili ingelipiwa, nikaambiwa kwa mdomo kwamba ingelipiwa. Katika kijitabu sikuiona. Vivyo hivyo kwa mwanamke aliyeondolewa titi kwa saratani: Marekani ilitunga sheria mwaka 1998 inayozitaka bima za makundi zinazolipia kuondoa titi zilipie pia kulijenga upya, pamoja na titi la bandia la kuvaa, ilhali kijitabu chetu kinaliweka titi la kuvaa katika orodha ya urembo. Kuhusu veni za miguu sina uzoefu nazo, ila nimeona kwamba zinakubaliwa zikiwa na kidonda.

Wahudumu wa ofisi ni wazuri. Wanamwamkia mzee, wanampa kiti, na simu hupokelewa saa za kazi. Kasoro iko kwenye fomu yenyewe, ambayo ina mstari mmoja tu wa daktari kueleza tatizo, na mstari huo ndio unaosomwa na mwamuzi aliyeko mbali. Katika ombi letu la kwanza daktari aliandika "kope kulegea, upasuaji wa kope", maneno ya kweli kabisa ambayo yanamhusu mrembo na mgonjwa kwa pamoja. Katika ombi la pili aliandika kwamba kope ya juu inafunika sehemu ya mboni, akataja milimita, akaeleza kwamba mgonjwa hawezi kuona vitu vilivyo juu ya usawa wa macho, amejigonga kichwa, na anaumwa kichwa kwa kukaza paji la uso, kisha akaambatisha vipimo. Ugonjwa ni uleule na daktari ni yuleyule. Yeyote anayempeleka mzazi kuombewa kibali cha kitu kinachogusa uso, meno, ngozi au umbo, amwombe daktari aandike kwanza kile ambacho mzee ameshindwa kukifanya, na jina la upasuaji lifuate baadaye.

Kabla ya kulipa ada, ombeni kijitabu kizima cha mafao, maana kipeperushi cha wakala hutaja yanayolipiwa tu, na ukurasa wa mambo yasiyogharamiwa humpata mteja baada ya kadi kutoka. Ulizeni mahususi kuhusu kope, meno ya bandia, miwani baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, vifaa vya kusikia na upandikizaji wa ngozi, na majibu yawe kwenye karatasi yenye sahihi. Ombi likikataliwa, dai sababu kwa maandishi, kisha ijibu kampuni kwa maandishi nawe. Wasipokusikiliza, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iliyoundwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya wateja wa kampuni za bima. Sisi hatukufika huko kwa sababu ya kope, ila ninaamini kuvitaja vyombo hivyo katika barua ya pili kulisaidia.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kadiri inavyotekelezwa vitita vya mafao vinaandikwa na kuandikwa upya. Ningependa wanaoviandika wawe na mzee mmoja wa kweli mbele yao wanapofika kwenye mstari wa urembo, na wamwulize anakula nini na anaona hadi wapi.

Kwa sasa ninaipa bima hii alama tatu kati ya tano. Mzee mwenye kisukari, shinikizo la damu au mtoto wa jicho atahudumiwa vizuri; mzee asiye na meno asiinunue akitegemea kuyapata. Barua ya kuhuisha mkataba imeshafika, ada imepanda kwa sababu mama ameingia kundi jingine la umri, na nimeijibu kwa maswali mawili: ni vigezo gani vya kipimo vitakavyotumika jicho la kushoto litakapohitaji upasuaji kama wa kulia, na kama seti ya juu ya meno inaweza kuombewa kibali kwa barua ya kliniki ya kisukari. Nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa, na ada ya mwaka ujao nitailipa nikishayapata majibu hayo kwa maandishi.